Maji Yaliyofuta Rangi

Walisema sitaweza kumuuzia mtu wa Nairobi mmea usioliwa. Hayo ndiyo maneno niliyopokelewa nayo mtaani kwetu Jericho niliporudi kutoka India na diploma yangu ya kilimo cha maua na bustani, katikati ya miaka ya tisini, na hayakutoka kwa maadui. Yalitoka kwa watu walionichangia nauli. Mzee Njoroge, seremala aliyekuwa mwenyekiti wa harambee yangu, aliishika ile diploma kwa ncha za vidole kama picha ambayo haijakauka, akaisoma mpaka kwenye muhuri, akanirudishia. "Kwa hivyo hukusomea udaktari," akasema. Nikamwambia hapana, na kwamba siku ya harambee nilisema wazi nakwenda kusomea kilimo. "Kilimo tunakijua. Kilimo ni mahindi. Hiki ni nini? Maua? Kijana, maua humea yenyewe." Sebule nzima ikacheka. Mwingine akasema sitapata hata pa kupanda. Mwingine akasema mwaka hautaisha kabla sijaonekana Lavington nikikata nyasi za tajiri kwa panga. Leo nina vitalu vya miche kando ya Kangundo Road, nina malori, nina vijana wenye diploma zao wanaoniita bosi, na ukipita mitaa mingi ya Embakasi ukaona ukuta umefunikwa na zambarau na nyekundu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mmea ule ulipita mikononi mwangu. Nalisema hilo bila haya. Hakuna hata kimoja kati ya vitu walivyosema sitaweza ambacho sikukifanya.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba Mama Ndunge, aliyenipa malazi mwaka ule niliporudi, amefariki. Nilisikia kwa bahati tu, kutoka kwa mteja aliyekuja kununua nyasi za kupanda, na kufikia wakati huo alikuwa ameshazikwa. Yeyote aliyekaa mitaa hii ya Eastlands anajua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mtu akifa, kamati inakaa kila jioni, watu wanatafutwa, hata aliyehama zamani, hata ambaye mlikosana mkaacha kusalimiana. Kila mtu anaombwa mchango wa mazishi, maskini na mwenye nacho, na mwenye nacho ndiye huombwa kwanza. Mimi sikuombwa. Kitalu changu kiko barabarani na jina langu limeandikwa kwa rangi kwenye bango kubwa, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nilikosekana. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi. Nimeamua kuuandika mwaka ule mwenyewe, kwa sababu najua Jericho wanausimulia, na wanausimulia vibaya.

Nilifikia kwa Mama Ndunge kwa sababu yeye alisema nifikie kwake. Alikuwa mjane, karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na mweka hazina wa kikundi cha akina mama kanisani. Nyumba yake ilikuwa kama nyumba zote za mtaa ule wa baraza la jiji: vyumba viwili, jiko dogo, mlango unaofunguka moja kwa moja kwenye uwanja ambamo kamba za nguo za kila mtu zilikutana. Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, kabati la vyombo visivyoguswa ila mchungaji anapokuja, redio iliyovalishwa kitambaa chake, na pazia la maua ya manjano alilolitundika ili kona moja iwe chumba changu. Godoro langu lilikuwa nyuma ya pazia lile, miguu yangu ikigusa kabati. Sikuwahi kubisha hodi mlangoni kwake hata mara moja. Asubuhi ilikuwa chai ya maziwa na mkate. Jioni muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, au ugali na sukuma wiki, na kila mara sahani yangu ilikuwa imejaa kuliko yake. Sitasema uongo kuhusu sahani zile.

Lakini pazia halizuii sauti. Akina mama wa kikundi walipokuja jioni, walizungumza juu yangu kana kwamba kitambaa kile kilikuwa ukuta wa mawe. "Huyo mgeni wako hufanya nini mchana kutwa?" mmoja akauliza. "Anakata vijiti," Mama Ndunge akajibu. "Vijiti vya nini?" "Anasema vitatoa maua." Yule wa kwanza akasema, "Na alikuwa amesoma vizuri shuleni, jameni." Wakacheka. Mama Ndunge naye alicheka, halafu akasema kwa upole, "Ni njaa ya huko. Mwacheni ale kwanza, akili itarudi." Nilikuwa nimelala macho wazi, na cheti changu kikiwa chini ya godoro ili kisikunjwe.

Vijiti vile vilikuwa vipandikizi vya bogenvilia. Kila mtu anaujua mmea huo hata kama hajui jina lake: ule wenye miiba mirefu unaopanda juu ya ukuta na kumwaga rangi mpaka barabarani, ambao watu huita maua ya karatasi. Si mwenyeji wa nchi hii. Uliletwa kutoka ng'ambo ukapamba nyumba za wakubwa, na mimi nilikuwa na nia ya kuufikisha kwa watu wengine. Nilizunguka kwenye makanisa na nyumba kuukuu nikiomba matawi ambayo wenyewe walikuwa wakiyakata na kuyachoma. Niliokota pakiti tupu za maziwa na mikebe ya mafuta ya kupikia kwenye vibanda, nikatoboa matundu chini, nikachanganya mchanga na udongo mwekundu kwa kipimo nilichofundishwa, nikapanga kila kitu kando ya ukuta wa nyuma. Vijana waliokuwa wakishinda kwenye mfereji wa kuchotea maji walinipa jina. "Niaje, Ng'ambo! Hizo vijiti zimeitika?" "Zitaitika." "Zikiitika utuambie buda, tuje tuziimbie." Mvua za masika zilipokwisha, vijiti vilikuwa vimeitika. Nilipokung'uta pakiti moja na kuona mizizi myeupe imezunguka udongo wote, sikumwita mtu. Nilikuwa nimejua hivyo tangu siku nilipokata.

Kazi ilikuja kupitia kwa Mzee Njoroge, ingawa hakuitafuta kwa ajili yangu. Kule mtaa wa Fedha nyumba mpya zilikuwa zikijengwa, na msimamizi wa ujenzi, Bwana Maina, alikuja Jericho kuagiza milango kwake. Akiwa anasubiri, akaona mimea yangu. Akauliza ni ya nani. Akaniambia mwenye nyumba zile anapanga sherehe ya ufunguzi, na kwamba anataka mgeni akiingia langoni aone rangi pande zote mbili mpaka mwisho wa barabara. "Sitaki miche, Bwana Musau. Miche nitaipata popote. Nataka maua siku hiyo, yakiwa yamechanua." Nikamwambia atayapata. Akaniambia jambo jingine, akishusha sauti: tajiri yule alikuwa na viwanja vingine vitatu vya kujenga, na anayempendeza mara ya kwanza huwa hambadilishi. Nilipeana naye mkono nikijua kilichokuwa mezani. Bogenvilia zangu zikichanua, nimekuwa mtu. Zisipochanua, nimekuwa yule waliyemcheka sebuleni.

Sasa nieleze jambo ambalo nililieleza wakati ule kwa kila mwenye masikio. Bogenvilia huchanua kwa kiu. Ukiipa maji kila siku, hasa ikiwa ndani ya mkebe, inanenepa, inatoa majani mazuri ya kijani, na inasahau maua kabisa. Ukitaka rangi, unainyima. Unaiacha mpaka majani yalegee na mtu asiyejua akadhani inakufa, unaionjesha maji kidogo, unainyima tena. Zikipita wiki kadhaa, ncha za matawi hubadilika. Nilimweleza Mama Ndunge wakati wa chakula cha jioni. "Kuanzia leo, Mama, zisipewe maji." "Hata kidogo?" "Mpaka niseme mimi." Aliniongezea ugali kwanza, kisha akauliza, "Huko India ndiko mlikofundishwa kukinyima kiumbe maji?" "Ndiyo, Mama." Akafikiri. "Na hao walimu walikuwa watu wa kanisa?" Nilicheka, yeye hakucheka.

Ukavu wa msimu ule wa baridi ulinisaidia. Vumbi lilitanda, mfereji ulikuwa ukitoa maji siku moja na kukauka nyingine, na mimea yangu ikaanza kulegea kama nilivyotaka. Halafu asubuhi moja nikaona ncha za kwanza zimegeuka zambarau. Nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Siku chache baadaye nilihamia Fedha kwa muda, kuchimba mashimo kando ya barabara na kuchanganya mbolea, nikilala kwenye stoo ya vifaa pamoja na mlinzi. Nilipoondoka nilirudia neno langu. "Msiziguse, Mama. Ziko karibu." Akasema, "Nenda ufanye kazi, sisi tupo." Sikulisikia vizuri neno hilo, "sisi".

Nilirudi na Bwana Maina ndani ya pikapu yake, siku tatu kabla ya sherehe, tukiwa tumekuja kupakia. Kabla sijashuka nilisikia harufu ya udongo uliolowa. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa kijani. Kijani kibichi, kinachong'aa, majani mapana yenye afya kama sukuma wiki ya mtu mwenye bidii, na machipukizi marefu yakinyooka kila upande. Rangi hakuna. Nilichutama nikatafuta chini, nikidhani nitakuta angalau yaliyoanguka, lakini ardhi ilikuwa imefagiwa mpaka alama za ufagio zilionekana. Mama Ndunge akatoka akifuta mikono kwa leso, uso wake uking'aa kwa furaha, na nyuma yake wenzake wawili wa kikundi.

"Umeziona?" akasema. "Musau, zilikuwa zinakufa! Majani yamelala kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Nikawaambia akina mama, huyu mtoto tulimchangia sisi wenyewe, tumwache aaibike mbele ya watu wa kazi? Tukagawana zamu. Kila anayefua, maji ya kusuuza yanakuja hapa. Hata siku mfereji ulipokauka, watu walijinyima."

"Mama, nilisema zisipewe maji."

"Ulisema. Lakini wewe hukuwepo kuona zinavyoteseka."

"Na maua? Kulikuwa na maua."

"Zile karatasi zilizokuwa zikianguka? Tulikufagilia," akasema mwenzake mmoja. "Kila asubuhi."

Bwana Maina alipita katikati ya mikebe, mikono mfukoni, akagusa jani moja kwa kidole. Hakunikasirikia, na ningefurahi kama angenikasirikia. "Bwana Musau, hili ni boma la kuzuia mbuzi. Mimi nimetumwa maua." Nikamwambia anipe wiki chache tu, mimea ni mizima, itachanua. Akatazama saa yake. "Sherehe ni Jumamosi." Akaingia kwenye pikapu, akaondoka nayo tupu, na baadaye nikasikia kwamba alinunua maua ya vyungu kwa mtu mwingine, yakapangwa juu ya mashimo niliyochimba mimi.

Niliwageukia wale akina mama nikasema, "Mmeniua." Wakatazamana. "Kwa maji?" mmoja akauliza kwa mshangao wa kweli. "Ni nani ameshawahi kuuawa kwa kumwagiliwa maji?" Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo nimeshindwa kulimeza mpaka leo. Mtu akikuharibia kwa chuki, unajua pa kumweka. Hawa walinyima nguo zao maji ili wanifilisi, wakaniita nije nione walivyonipenda. Miaka mingi nimejiuliza kwa nini hawakunisikiliza, na jibu langu halijabadilika. Walinichangia, kwa hiyo waliamini wananijua kuliko ninavyojijua. Ningekuwa nimerudi daktari, hakuna hata mmoja ambaye angemimina maji ya kufulia ndani ya chupa za dawa kwa sababu anaona dawa imepungua. Kwangu waliona vijiti, na kijana waliyemjua tangu akiwa na kaptura.

Mzee Njoroge aliniita jioni ya siku iliyofuata. Nyumbani kwake kulikuwa na wazee wengine wawili wa kamati ile ya harambee, na kila mmoja alikuwa na kikombe cha chai mkononi isipokuwa mimi, mpaka mke wake alipokumbuka. "Musau," akaanza, "sisi ndio tuliokusomesha. Sasa huku mtaani tunaulizwa pesa za watu zilikwenda wapi." Nikamweleza yote: kiu, rangi, zamu za akina mama. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Kwa hivyo unataka nisimame kanisani niseme kazi yako iliharibiwa na wamama waliomwagilia mimea maji? Hata mtoto wa nasari anajua mmea unataka maji." Mmoja wa wazee akakohoa ili asicheke. Mzee Njoroge akainama mbele, akaweka mkono wake mzito kwenye goti langu. "Kuja Jumatatu karakana, upige msasa milango. Angalau tukiulizwa, tuseme una kazi." Alimaanisha wema. Nilikunywa chai yake yote, nikaweka kikombe chini, nikasema asante, na Jumatatu sikwenda.

Nilikwenda Njiru. Wakati ule Njiru ilikuwa mashamba na upepo, na mawe meusi ya machimbo, na watu waliokuwa wakinunua viwanja kabla hawajajua watajenga nini. Mwenye shamba mmoja pale barabarani alinipa kona ya ardhi kwa ahadi ya kulipa nikiuza. Mtu wa mkokoteni alinihamishia mimea yote kwa ahadi hiyo hiyo. Nilijenga kibanda cha mabati nikalala ndani yake na panya. Siku niliyohama, Mama Ndunge alinifungia githeri ya mahindi na maharagwe ndani ya mkebe, akauliza, "Na huko maji yapo?" Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akitazama mimea ilivyopandishwa mkokotenini.

Mvua za vuli zilipita nikila ugali kwa chumvi. Halafu jua la Januari likaja. Njiru haikuwa na mfereji. Maji yaliletwa na punda na yaliuzwa kwa bei ambayo sikuiweza hata kwa kunywa vizuri. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu mwema karibu. Majani yalilegea, yakaanza kuanguka, na katikati ya Februari kona yangu ya ardhi ikawaka. Zambarau, nyekundu, chungwa, matawi hayaonekani kwa rangi, kwenye nchi kavu ya vumbi la kijivu ambako hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Magari ya Kangundo Road yalianza kupunguza mwendo. Kisha yakaanza kusimama. Watu wa viwanja walinunua kabla hawajajenga hata choo. Bwana Maina mwenyewe alikuja, akazunguka mikono mfukoni kama zamani, akasema, "Kumbe ulikuwa unasema kweli." Nilimwambia nilikuwa nimesema kweli tangu mwanzo, na nikamtajia bei mpya. Akalipa. Viwanja vile vitatu nilivipanda mimi, na vingine vingi ambavyo tajiri yule hakuwahi kuviota.

Kabla mwaka haujatimia tangu niliporudi nchini, nilimlipa mwenye shamba, nikamlipa mtu wa mkokoteni, tukapeana mikono tukaendelea kufanya biashara. Halafu nikavaa suti, na Jumapili baada ya ibada nikaenda Jericho. Katika harambee mchango wa kila mtu husomwa kwa sauti mbele ya wote, jina na kiasi, watu wakipiga makofi. Sikuwa nimesahau hata mmoja. Niliweka kila mchango kwenye bahasha yake, nikaanza na Mzee Njoroge.

Aliifungua, akaangalia ndani, akanitazama. "Hii ni nini?"

"Ni mchango wako, Mzee."

"Harambee hairudishwi. Umesikia wapi harambee ikirudishwa?"

"Hii inarudishwa."

"Unatutukana, Musau?"

"Nawalipa, Mzee. Mlisema mlinisomesha. Kuanzia leo nimejisomesha."

Nilifikiri atanitupia. Aliipigapiga ile bahasha kwenye kiganja, kisha akaitia mfukoni mwa koti lake la kanisani na kumwita mke wake alete chakula, kwa sauti ya mtu ambaye mgeni wake ameshaondoka. Wengine walipokea milangoni. Habari ilikuwa imenitangulia. Kufikia nyumba za mwisho watu walikuwa wamesimama nje wakinisubiri, na hakuna aliyeniita Ng'ambo.

Mama Ndunge nilimwacha wa mwisho. Niliingia kama nilivyozoea. Pazia lilikuwa limeshatolewa na kona yangu ilikuwa imerudi kuwa sebule. Aliniletea chai, akakaa mbele yangu, nikamwekea bahasha juu ya kitambaa cheupe. Nikamwambia kuna mchango wake wa harambee, na juu yake kuna malazi na chakula cha miezi yote ile. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi, au kwa maombi. Hakuna kilichokuja.

"Na wiki ile uliyoumwa malaria, nikakosa kazi kukupikia uji?"

"Hata hiyo nimehesabu, Mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akaichukua kwa mikono yote miwili, akainama kidogo kama mtu anayepokea kutoka kwa mkubwa. "Asante, Bwana Musau," akasema. Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita Bwana. Nilipomaliza chai aliinuka nami, akajifunga leso vizuri, tukatoka pamoja. "Siku nikija kwako," akasema, "nitabisha hodi." Nikamwambia karibu, Mama. Alinisindikiza hadi penye kamba za nguo, kama mgeni anavyosindikizwa, akarudi ndani. Na kutoka hapo nikaenda peke yangu, nikiwa sidaiwi na mtu yeyote Nairobi nzima.